Soko Huria na Mkulima Asiyeweza Kusubiri: Funzo la Daraja Mbili

Waswahili wana methali mbili zinazopingana juu ya kusubiri. Ya kwanza husema kwamba subira huvuta heri. Ya pili huonya kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufunzwa kwamba methali hupingana kwa kuwa hali za maisha nazo hupingana. Katika biashara ya mazao, hata hivyo, methali hizi hazipingani hata kidogo, kwani kila moja ina mwenyewe. Ya kwanza ni ya mnunuzi mwenye ghala na akiba ya fedha. Ya pili ni ya mkulima aliyebeba mkungu wa ndizi unaoanza kuiva. Anayetaka kuona jinsi methali hizo zinavyogawana watu na afike katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii siku ya gulio.

Hapo hufika ndizi, maparachichi, viazi vitamu, miwa, mboga za kienyeji kama vile managu na chinsaga, na kuku waliofungwa miguu. Wengi wa wauzaji ni akina mama waliotoka vijijini kabla ya mapambazuko. Kando yao huwa zimetandazwa nguo za mitumba zilizovaliwa kwanza katika nchi za mbali. Asubuhi mkulima hutaja bei. Adhuhuri huanza kusikiliza bei ya mwenziwe. Jioni, mawingu yanapotanda juu ya vilima vya Gusii na gari la kurudi nyumbani linapopiga honi, hukubali. Hakuna aliyemlazimisha kwa rungu, wala hakuna sheria iliyovunjwa. Hilo ndilo soko huria katika umbo lake la kila siku, na ndilo linalostahili kuchunguzwa kabla ya mtu kuingia katika mijadala mikubwa ya utandawazi.

Wasomi wengi wanapojadili ukosefu wa usawa katika biashara ya dunia, huelekeza macho yao kwenye bei. Husema kwamba mkulima hulipwa kidogo ilhali mlaji wa Ulaya hulipa kingi. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini haijafika kwenye kiini. Makala haya yanashikilia kwamba kinachomtenga tajiri na maskini katika biashara huria ni uwezo wa kusubiri. Mwenye uwezo huo huuza anapotaka na hununua anapotaka. Asiyekuwa nao hawezi kusubiri kuuza, na, cha kusikitisha zaidi, hulazimika kusubiri kulipwa. Historia ya mazao ya Kisii na Nyamira ni ushahidi wa kutosha.

Kwanza, kahawa. Gusii ni miongoni mwa sehemu za kwanza ambako Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kuikuza. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewahifadhia walowezi zao hilo, na ni katika miaka ya 1930 ndipo majaribio yalipokubaliwa Kisii, Embu na Meru, tena kwa vipande vidogo vya ardhi na chini ya masharti makali. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulipanua ruhusa hiyo. Kwa hivyo mkulima wa Gusii aliingia katika soko la dunia akiwa amechelewa, na kuchelewa huko hakukuwa kwa hiari yake.

Baada ya uhuru zao hilo lilijenga nyumba na kusomesha watoto. Mnamo Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni katika jimbo la Paraná nchini Brazil, na bei ikapanda duniani kote. Msiba wa Mbrazili ukawa neema ya Mkenya. Hata hivyo, neema iliyoletwa na msiba wa mwingine haina mizizi. Kwa miaka mingi bei ilikuwa imetegemezwa na Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulioanza 1962, ambao uliigawia kila nchi kiwango cha kuuza nje. Julai 1989 viwango hivyo vilisimamishwa. Vietnam, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1980 haikuhesabiwa kabisa miongoni mwa wakuzaji wakubwa, ikawa ya pili baada ya Brazil kufikia mwanzo wa karne hii. Kahawa ikafurika sokoni, na kufikia 2001 bei ilikuwa imeshuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi.

Kenya, ambayo katika msimu wa 1987/88 ilivuna takriban tani 130,000, leo haifikii hata nusu ya kiasi hicho. Katika Gusii, kama kwingineko nchini, wakulima wengi waliiacha mibuni imezwe na magugu au wakaiondoa, wakapanda ndizi, mahindi na majani ya ng'ombe. Hapa ndipo suala la wakati linapodhihirika. Mbuni huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kumpa mwenyewe zao la maana. Bei ya New York hubadilika kabla ya chai ya saa nne. Mnunuzi akiona bei haimfai leo, huhamisha fedha zake kwa simu; mkulima hawezi kuuhamisha mti wake. Mnamo Februari 2025, baada ya ukame kuathiri mavuno ya Brazil na ya Vietnam, bei ya arabika ilipita dola 4 kwa ratili, kiwango cha juu kuliko vyote vilivyotangulia. Heri ilikuwa imewadia, lakini kwa familia nyingi mti wa kuipokea haukuwapo tena shambani. Subira ilivuta heri kwa yule tu aliyekuwa na kitu kingine cha kula wakati wa kusubiri.

Pili, pareto. Maua haya meupe yalistawi katika sehemu za juu za Nyamira na Kisii, na kwa miongo kadhaa Kenya peke yake ilitoa zaidi ya nusu ya pareto yote iliyouzwa duniani. Mnamo 1973 watafiti wa kituo cha Rothamsted nchini Uingereza walitangaza permethrini, dawa ya kuua wadudu iliyoundwa maabarani kwa kuiga kemikali ya ua hilo. Iliweza kustahimili jua kuliko pareto yenyewe. Tangu hapo ua la shambani likawa na mshindani asiyehitaji mvua, palizi wala mchumaji. Baadaye kisiwa cha Tasmania nchini Australia kikaanza kulima pareto kwa mashamba makubwa na kuivuna kwa mashine.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba pareto ya Gusii iliuawa na kemikali na mashine za wageni. Haki inadai iongezwe kwamba wenyeji nao walishika mpini. Mnunuzi pekee nchini alikuwa bodi ya serikali, na malipo yake yalianza kuchelewa kwa miezi, kisha kwa miaka. Mkulima aliyekwisha kupeleka maua yake hakuwa na wa kumwendea. Hakuwa na ruhusa ya kumuuzia mwingine, wala hakuwa na fedha za kuajiri wachumaji wa msimu uliofuata. Aling'oa pareto si kwa sababu dunia haikuihitaji, kwani katika miaka hiyohiyo walaji wa Ulaya na Marekani walikuwa wakitafuta dawa za asili zisizodhuru mazingira. Aliing'oa kwa sababu alishindwa kuishi kwa ahadi. Sheria za 2013 zilizifungulia mlango kampuni binafsi, lakini wakati huo soko lilikuwa limekwisha kuhama.

Tatu, chai, ambayo ndiyo tegemeo la sasa. Kutoka Kebirigo na Nyansiongo hadi Ogembo na Nyamache, viwanda vya chai vya wakulima wadogo vimekuwa uti wa mgongo wa eneo hili. Shirika la KTDA, lililoundwa 1964 na kubinafsishwa 2000, huvisimamia viwanda ambavyo wakulima wenyewe ndio wenye hisa. Kwa jina basi mkulima ni mwenye mali. Kwa vitendo, jani lililochumwa asubuhi sharti lifike kiwandani kabla halijanyauka, na likishapimwa katika kituo cha kukusanyia, mkulima hupewa malipo madogo ya kila mwezi na kuambiwa asubiri bonasi mwishoni mwa mwaka wa fedha. Jani lenyewe haliwezi kusubiri siku moja. Mwenyewe husubiri miezi mingi.

Katika miezi hiyo mambo mengi hutokea ambayo hana mkono ndani yake. Chai yake hupelekwa kwenye mnada wa Mombasa, ambako huuzwa pamoja na ile ya Uganda, Rwanda, Tanzania na nchi nyingine. Pakistan, ambayo ndiyo mnunuzi mkuu wa chai ya Kenya, ilikumbwa na uhaba wa dola katika 2022 na 2023. Sudan iliingia vitani Aprili 2023, na Machi 2025 serikali yake ikasimamisha uagizaji wa bidhaa za Kenya kwa sababu za kisiasa, chai ikiwa miongoni mwazo. Kila mojawapo ya habari hizo hupita redioni kama habari ya ng'ambo. Kwa mkulima wa Nyamira ni habari ya karo ya muhula wa tatu.

Serikali ilijaribu kumkinga. Mnamo Julai 2021 iliweka bei ya chini kabisa ya mnada, dola 2.43 kwa kilo. Nia ilikuwa njema, lakini wanunuzi walifanya jambo wanaloliweza kuliko wote: walisubiri. Walinunua chai ya nchi jirani kwa bei nafuu, nayo ya Kenya ikarundikana maghalani Mombasa. Bei hiyo iliondolewa baadaye. Bonasi za 2025 zilipotangazwa, wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa, wakiwamo wa Kisii na Nyamira, walilalamika kwamba walipata kiasi kidogo mno kikilinganishwa na cha wenzao wa mashariki. Funzo si kwamba serikali isiweke bei. Funzo ni kwamba bei ya chini bila uwezo wa kusubiri ni tamko tupu, na mkono mtupu haulambwi.

Hadi hapa yamezungumziwa mazao yanayotoka. Daraja Mbili pia ni mlango wa bidhaa zinazoingia, na mitumba ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Masharti ya kurekebisha uchumi yaliyotolewa na wakopeshaji wa kimataifa yaliifanya Kenya ilegeze vikwazo vya uagizaji mwanzoni mwa miaka ya 1990. Marobota ya nguo kuukuu yakamiminika. Viwanda vya nguo kama vile KICOMI cha Kisumu na Rivatex cha Eldoret vikafungwa, ingawa hiki cha pili kilifufuliwa baadaye chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Mkulima wa pamba wa Nyanza akakosa mnunuzi, na mfanyakazi wa kiwanda akakosa kazi.

Hata hivyo, si haki kumlaumu mama anayeuza mitumba Daraja Mbili. Kwake robota ni mtaji, na kwa mteja wake ni njia ya pekee ya kumvika mtoto koti la shule. Serikali ilipopiga marufuku uagizaji wa mitumba kuanzia Machi hadi Agosti 2020 kwa hofu ya korona, walioumia kwanza walikuwa wachuuzi hao. Kisa kikubwa zaidi ni cha 2016, ambapo viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vya ndani vipate nafasi. Mwaka uliofuata wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani waliishtakia serikali yao, nayo ikatishia kuziondoa nchi hizo katika mpango wa AGOA, ambao tangu 2000 uliwawezesha Waafrika kuuza bidhaa nyingi Marekani bila ushuru. Kenya ilirudi nyuma upesi. Rwanda ilishikilia msimamo wake, na mwaka wa 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga. Ajabu ni kwamba aliyepishwa ndiye aliyekuwa mhubiri mkuu wa uhuru wa soko. Hata baina ya dola na dola, basi, anayeweza kustahimili hasara kwa muda mrefu ndiye anayeandika masharti.

Siku hizi matumaini mapya ya Gusii ni parachichi. Mnamo 2022 China iliufungua mlango wake kwa parachichi bichi za Kenya, na wakulima wengi wamehimizwa kupanda aina ya Hass. Ni ushauri mzuri, mradi utolewe pamoja na historia ya kahawa na pareto. Mti uliobebeshwa nao huhitaji takriban miaka mitatu kabla ya kuzaa vyema. Peru hupeleka Ulaya shehena kubwa katika miezi ileile ya mavuno ya Kenya. Mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu, yaliyoanza mwishoni mwa 2023, yalizilazimisha meli nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na tunda lisilopenda safari ndefu likafika limechoka. Mwenye hasara ya mwisho ni nani? Si mwenye meli, aliyeongeza nauli. Si dalali, aliyepunguza bei ya shambani. Ni yule aliyeuza matunda yakiwa bado mtini kwa kuwa mtoto alikuwa amefukuzwa shule.

Wapo wanaotetea soko huria, na hoja zao zisipuuzwe. Husema kwamba bodi za serikali ndizo zilizokula jasho la mkulima, kwamba ushindani huleta wanunuzi wengi, na kwamba nchi zilizojifungia hazikuendelea. Kisa cha pareto kinawaunga mkono kwa kiasi fulani: mkulima aliyefungwa kwa mnunuzi mmoja si huru. Lakini watetezi hao hudhani kwamba ukimfungulia mtu mlango umempa safari. Mlango wazi humfaa mwenye nauli. Bodi ilimnyima mkulima haki ya kuchagua mnunuzi. Soko huria limempa haki hiyo na kumwachia saa mbili za kuitumia kabla ya giza kuingia. Mifumo yote miwili ilimwachia mnyonge mzigo wa wakati.

Aidha, mzigo huo ni mzito zaidi katika eneo hili kuliko kwingi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira, na mashamba yamegawanywa kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu mpaka mengine yamekuwa vijisehemu vya kupanda mistari michache. Mwenye ekari hamsini aweza kupanda chai hapa, parachichi pale na kuliacha pori kidogo la akiba. Mwenye nusu ekari akikosea zao moja, amekosea yote. Kumwambia mtu huyo afuate mahitaji ya soko la dunia ni kumtaka acheze kamari kwa chakula cha watoto wake.

Nini kifanywe? Kufunga mipaka si jibu, kwa kuwa Gusii haiwezi kunywa chai yake yote wala kula ndizi zake zote. Jibu ni kumjengea mkulima uwezo wa kusubiri. Baadhi ya hatua zimekwisha kuanza, nazo zinaonyesha njia. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya 2019 inamruhusu mkulima kuweka nafaka ghalani na kutumia stakabadhi yake kama dhamana ya mkopo. Hazina ya malipo ya awali ya kahawa, iliyotangazwa mwaka huohuo, inampa fedha kabla kahawa yake haijauzwa. Tangu 2023 malipo ya kahawa iliyouzwa katika mnada wa Nairobi hupitia benki moja kwa moja badala ya kukawia mikononi mwa mawakala. Hatua kama hizi hazina mvuto wa hotuba za mikutano ya biashara, lakini zinagusa kiini.

Zinastahili kupanuliwa hadi kwa ndizi na parachichi. Soko kama Daraja Mbili likiwa na vyumba vya baridi vinavyokodishwa kwa kreti moja moja, mama atakayekataa bei ya jioni atakuwa na kesho. Vyama vya ushirika vikisimamiwa kwa uwazi, vitauza kwa pamoja badala ya kila mtu kumkabili dalali peke yake. Kiwanda cha chai kikipakia na kuuza sehemu ya chai yake yenyewe, badala ya kuisafirisha yote ikiwa malighafi, kitapata akiba ya kuvukia mwaka mbaya. Na sheria ikiweka muda wa kulipa, pamoja na faini kwa anayekawia, wanaochelewesha fedha za wakulima watajifunza kwamba wakati wa maskini nao una bei.

Mikataba mipya ya biashara itaendelea kutiwa saini. Ule wa Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kutekelezwa Julai 2024, na mingine itafuata. Kila unapoletwa mkataba, wananchi huambiwa idadi ya mamilioni ya walaji walioko ng'ambo. Kipimo kilicho bora kiko karibu zaidi, na wanafunzi watakaokuwa watunga sera kesho wangefanya vyema kukikumbuka. Waulize kama mkataba huo umemwongezea mkulima wa Nyamira siku ngapi za kukataa bei mbaya. Ikiwa jibu ni sufuri, basi mkataba huo umeongeza tu idadi ya watu wanaoweza kumsubiri mama wa Daraja Mbili mpaka jioni imfikie.